Siku Alizoshiba Delu

Mimi ni Tasalla, mke wa pili wa Shekarau, fundi wa kudarizi kofia hapa Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Mke wa kwanza ni Delu. Nimekaa naye ukewenza karibu miaka thelathini, na kama kuna anayedhani atasimuliwa habari za Delu na mtu mwenye moyo mweupe kama pamba, basi amekosea mlango. Nampenda, ndiyo. Nimemchukia pia, miaka mingi, tena kwa bidii. Lakini habari zake nazijua kuliko mumewe, maana mume huonana na mke chumbani, na sisi wawili tumeonana jikoni kila siku ya Mungu.

Delu ni mfupi. Akisimama kando ya kinu, mchi unamfika puani. Nilipoletwa hapa nyumbani nikiwa msichana wa miaka kumi na mitano, nilimcheka waziwazi, nikamwuliza kama yeye ndiye bi mkubwa au ni mtoto wa bi mkubwa. Alinitazama akasema, "Cheka, mdogo wangu. Mwaka wa njaa haukukukuta wewe."

Ulimkuta yeye. Alizaliwa kijijini, kaskazini ya Katsina, na ule ukame mkubwa ulipokuja alikuwa na miaka mitano au sita. Kwao, kama kwetu sote, chakula kilianza kwa baba, kikaenda kwa wavulana, kikaishia kwa mama na wasichana, na kufika hapo kilikuwa kimebaki ukoko na mchuzi usio na kitu. Kuku walikuwapo, na mayai yalikuwapo, hata katika mwaka ule. Lakini mtoto halishwi yai. Mtoto akionja yai atalitaka tena, na asipopewa ataiba, na ndivyo mwizi anavyolelewa, ndivyo tulivyofundishwa. Mayai ya mama yake yalikwenda sokoni, mengine kwa baba. Delu aliniambia kuwa alikuwa akiyabeba kwenye kibuyu chenye makapi, akiyahesabu njiani, akiwa na njaa ya kuona kizunguzungu, na hata moja hakulivunja. Wadogo zake wawili walikufa kabla ya mvua kurudi. Yeye alibaki, ila mwili wake uliishia pale ulipokuwa.

Akaolewa akiwa na miaka kumi na minne. Mimba ya kwanza ilikaa vizuri, uchungu ukaja, ukakaa siku tatu. Mtoto alitoka amekufa. Ya pili vilevile. Hapo ndipo watu wa Shekarau walipokuja kwetu kuniposa mimi, mrefu, mwenye nyonga pana, mwana wa mchinja nyama aliyekula maini tangu anaota meno. Mimba ya tatu na ya nne nilizishuhudia kwa macho yangu. Nesi mmoja wa zahanati alituambia, tena bila kupunguza sauti, kwamba mfupa wa Delu ulidumaa utotoni, njia ni nyembamba, na kwamba angelishwa vizuri alipokuwa mdogo watoto wale wangekuwa hai, wanacheza uani sasa. Delu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashukuru. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya pili na nilijiona malkia.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana bila hili hamtamwelewa. Mzazi wa kwetu, mtoto awe hai awe amekufa, hukaa arobaini yake. Kitanda chake ni cha udongo, kina tundu chini, na ndani ya tundu moto hauzimwi. Asubuhi na jioni huogeshwa kwa maji yanayochemka, matawi ya mwarobaini yakichovywa na kupigwa mgongoni mpaka ngozi iwe nyekundu. Na hulishwa. Mume hununua kichwa na miguu ya ng'ombe. Wanawake hupika uji wa mtama wenye tangawizi, pilipili na magadi, magadi mengi, yale mawe ya chumvi yanayotoka kwenye mabwawa yaliyokauka ya Borno, na mzazi huunywa kutwa nzima, bakuli juu ya bakuli, ili maziwa yajae na baridi isimwingie. Mwanamke ambaye maisha yake yote amekula akiwa wa mwisho, kwa siku arobaini anakula wa kwanza.

Basi Delu alilala juu ya kitanda kile mara nne bila mtoto ubavuni, na tukamlisha. Siku moja, baada ya wa nne, nilimpelekea uji akalishika bakuli kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, na bado anakunywa. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, pole. Basi weka chini, utakunywa baadaye."

"Siweki," akasema. "Unajua, Bi Mdogo, tangu nizaliwe nimeshiba siku mia na sitini. Nimezihesabu. Arobaini mara nne. Siku nyingine zote nilikuwa nangoja chungu kikwanguliwe."

 Nilichukua bakuli tupu nikaenda kulijaza tena.

Mimba ya tano Shekarau aliuza cherehani moja, Delu akapelekwa hospitali kubwa akapasuliwa, na mtoto akalia. Msichana. Wakamwita Ajuji, yaani jalala, na wanawake wakamlaza juu ya takataka nyuma ya nyumba kwa dakika chache, ili kifo kikipita kimdharau kama kitu kilichotupwa. Ndivyo tunavyofanya kwa mtoto aliyetanguliwa na makaburi.

Delu akamlea mtoto wa jalalani kama yai lenyewe. Na nimetaja yai kwa sababu hapo ndipo tulipogombana kwanza. Aliamua Ajuji hatakuwa mfupi. Akafuga kuku, na kila asubuhi yai moja likachemshwa ndani ya birika la chai, kifuniko juu, asilione mtu. Mimi niliona. Ni nani anayeweza kunificha kitu jikoni kwangu?

"Bi Mkubwa unafuga mwizi," nikamwambia.

"Nafuga mtu."

"Siku pesa ikipotea humu ndani tutajua pa kuanzia."

"Anzia kwenye kichwa chako, kimepotea zamani," akasema, akamenya yai mbele yangu.

Wanangu sita walilala njaa? Hapana. Lakini walimwona Ajuji akitoka chumbani kwa mama yake anaramba midomo, na wakaja kuniuliza, na mimi sikuwapa yai. Niliogopa watu watasema. Ajuji akakua, akampita mama yake akiwa na miaka kumi, akawa mrefu kama mlingoti, meno meupe, akili kama moto, hajawahi kuiba hata sindano. Wanangu walikuwa wa kawaida. Kila nilipomwona msichana yule akiinama kupita mlangoni, niliyahesabu mayai niliyowanyima wanangu. Uongo haunisaidii sasa, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa.

Ajuji aliolewa na mwalimu wa shule, kijana mpole, na mimba ya kwanza akarudi kwa mama yake kujifungua, kama desturi. Alijifungua mtoto wa kike kwa saa sita tu. Delu alicheza ngoma uani, mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona akitikisa hata bega. Nyonga za mwanawe zilikuwa zimefunguka, mayai yalikuwa yamefanya kazi yake, na tumbo lake mwenyewe lililozika wanne lilikuwa limelipiwa fidia. Kisha akachochea moto chini ya kitanda na akaweka chungu cha uji jikoni. Kile kilichokuwa kitamu kuliko vyote katika maisha yake, alikuwa na mtu wa kumpa.

Ilikuwa miezi ya joto kali, kabla ya mvua. Ajuji alilala juu ya moto, akachapwa kwa maji ya moto, akanywa uji wa magadi mara saba, mara nane kwa siku. Wiki ya tatu akaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, vidole vikawa kama ndizi. Wanawake walikuja kumwona wakapiga vigelegele. Mzazi aliyenenepa ni sifa ya mama yake. Watu husema arobaini imemkubali. Shangazi Hansai, shangazi wa mume wetu, ambaye neno lake ndilo mwisho katika mambo ya uzazi mtaani kwetu, alimshika Ajuji kidevu akasema, "Delu, mkono wako una baraka. Umemnonesha huyu."

Lakini Ajuji akawa hapati usingizi. Akilala chali anakohoa, inabidi akae ameegemea ukuta. Delu akasema ni baridi imemwingia, akaongeza kuni na akaongeza magadi. Mwalimu alipokuja kumsalimia mkewe hakungoja ruhusa ya mtu. Alimbeba akampeleka hospitali, na mimi na Delu tukafuata.

Nesi alibonyeza mguu wa Ajuji kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Mama, huu si unene," akamwambia Delu. "Ni maji. Moyo wake umechoka, hauwezi kuyasukuma. Mnampa nini?"

"Uji wetu wa mzazi."

"Wa magadi? Mara ngapi?"

Delu akasema.

Nesi alishika kichwa. "Magadi ni chumvi, mama yangu. Chumvi inafungia maji mwilini, na moto mnaomlaza juu yake unauongezea moyo kazi. Kila mwaka wakati huu tunawapokea hivihivi. Wengine tunawawahi." Akampa vidonge na akasema maneno ambayo hata mtoto angeyakariri: asipewe magadi, asipewe chumvi, asilazwe juu ya moto, na alishwe mayai, maharage, mboga, nyama isiyo na chumvi.

Na Delu alitii. Jambo hili nataka lijulikane. Watu humsema kuwa ni mshamba asiyesikia, nao hawakuwapo. Alizima moto kwa mikono yake. Siku tisa alimpikia mwanawe chakula kisicho na chumvi, vidonge akavitoa kwa saa, na maji yakaanza kutoka. Ajuji alikojoa kutwa, kikohozi kikapungua, akalala chali. Mashavu yakarudi ndani. Siku ya tisa alikuwa mwembamba, mifupa ya shingo inaonekana, lakini anacheka na kumnyonyesha mwanawe.

Siku ya kumi, baada ya sala ya adhuhuri, wakaja wanawake kumjulia hali, Shangazi Hansai mbele. Waliketi uani juu ya mikeka, na Ajuji akatoka kuwasalimu.

"Huyu ndiye mzazi?" Shangazi Hansai akauliza. "Mbona kama katoka jela?"

Delu akaeleza habari za hospitali, taratibu, moja baada ya moja. Wanawake wakatazamana. Wangeweza kunyamaza. Wengine walikuwa wanataka kunyamaza, niliona. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia la kola mkononi, zile kokwa chungu za kutafuna, na miaka ishirini ya mayai kooni.

Nikasema, "Msishangae, Shangazi. Bi Mkubwa kavumbua arobaini mpya, ya kufunga. Sisi wengine tunangoja Ramadhani, yeye kaiwahi. Au labda ameona mtoto wa jalalani anatosha kula vya jalalani."

Walicheka. Mungu wangu, jinsi walivyocheka. Mmoja alijipiga mapaja. Shangazi Hansai alifuta machozi kwa ncha ya mtandio akasema, "Tasalla, una ulimi wewe!" Nami nikajisikia mtamu.

 Delu alitazama mikono yake. Kisha akainuka, akaingia jikoni, na nikasikia kinu. Magadi yana mlio wake kwenye kinu, si kama nafaka. Nilijua anatwanga nini. Niliendelea kugawa kola.

Alipotoka na bakuli, Ajuji alilitazama bakuli, akatutazama sisi, akamtazama mama yake. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mama, nesi alikataza."

"Kidogo tu. Wakiondoka tunaacha."

Ajuji akanyoosha mikono. "Basi nipe," akasema polepole. "Nipe wakuone unanipa."

Akanywa mpaka chini. Wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake wakaja wengine, maana habari husambaa, na Delu akapika tena. Keshokutwa moto ukawashwa chini ya kitanda. Mashavu yalirudi haraka, na mtaa mzima ukampongeza Delu. Siku ya tano, asubuhi, wakati Delu anachuma matawi ya mwarobaini nje ya ukuta, Ajuji alikuwa ameegemea ukuta kitandani, mtoto mapajani. Nilipoingia na maji nilidhani amesinzia. Alikuwa na miaka ishirini.

Sitaeleza kilio. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wangu wote wako hai. Nitasema tu kwamba baada ya mazishi mtoto alilia njaa, na maziwa ya kopo alikuwa anayatapika. Nilikuwa bado namnyonyesha kitindamimba wangu. Delu aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akamweka mjukuu wake juu ya mapaja yangu, akatoka. Nikamnyonyesha miezi kumi na sita.

Siku ya arobaini ya msiba Delu alichukua jembe akakibomoa kile kitanda cha udongo mpaka kikawa vumbi. Tangu hapo ikawa kazi yake kwenda kwa wazazi wa mtaani, nyumba kwa nyumba, kuwasihi waache magadi na moto. Hawakumsikiliza. Wengine walimpa kiti, wakamsikiliza kwa adabu, na akiondoka wanachochea kuni. Wengine walimwambia usoni, "Mama zetu waliunywa, na bibi zetu. Wewe umefiwa, sasa hutaki wa wenzio wanenepe." Wawili kati ya wale aliowasihi walikufa. Hakuna aliyerudi kumwambia kuwa alisema kweli.

Hajafika hamsini na presha imeshamkamata. Anakula kisicho na chumvi, nami nakula naye, matumbo yetu mawili, chungu kimoja. Hajawahi kunikumbusha maneno yangu. Hata siku moja, hata tukigombana kuhusu maji au kuni, na tunagombana kila siku. Nilianza kudhani ameyasahau. Kuna wakati nilijiambia kwamba huenda hakuyasikia.

Kisha binti yangu Lami akajifungua kwangu, miaka minne baada ya Ajuji. Siku ya tatu Shangazi Hansai akaja na wanawake wapatao kumi, na ndani ya kitambaa amefunga jiwe la magadi kubwa kama ngumi ya mwanamume. Wakaketi uani. Lami alikuwa ndani ananyonyesha, nami nilijua wanalosubiri, na nilijua nikikataa watasema nini, nami najua kusemwa kunavyouma kwa sababu ndiyo kazi niliyowafanyia wengine maisha yangu yote.

Nikamwinamia Delu sikioni. "Waambie, Bi Mkubwa. Wewe ndiye uliyefiwa. Wewe watakusikia."

Hakugeuka. "Nimewaambia miaka minne," akasema. "Waambie wewe, Tasalla. Ulimi wako ndio unaowachekesha."

Hakuwa amesahau hata herufi.

Nikasimama. Sikujua nianze wapi, nikaanza na yale maneno yenyewe, nikayarudia yote, Ramadhani na jalala, vilevile nilivyoyasema, kwenye ua uleule, mbele ya wengi wa walewale. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikawaambia kwamba Ajuji alikuwa anapona. Nikawaambia kwamba alikuwa amelala chali usiku wa kuamkia siku ile, na kwamba mama yake alikuwa amelisikia neno la nesi na kulifuata, na kwamba mimi, kwa wivu wa mayai, nilimwaibisha mpaka akakirudia chungu cha magadi. Nikasema Lami hatakunywa tone.

"Astaghfirullah, Tasalla," Shangazi Hansai akasema. "Unajisingizia. Utani hauui mtu."

"Utani wangu ndio uliopika ule uji, Shangazi."

Hapo Delu akainuka. Alikuja akasimama mbele yangu, kimo chake kinanifika kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliongea juu yake.

"Uji niliupika mimi, Bi Mdogo," akasema. "Nesi aliniambia mimi. Mwanangu nilimlisha mimi, kwa mkono huu. Wewe beba la kwako, usinichukulie langu."

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Shangazi Hansai aliliacha jiwe la magadi juu ya mkeka, na Delu akawapa mbuzi wa jirani walilambe.

Lami aliondoka kwangu siku ya arobaini, mwembamba, akitembea kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Watu wa mumewe walinisema mji mzima kwamba nimemnyima mwanangu chakula. Nilisemwa, na kusemwa nilistahili, ila si kwa hilo.